Theluthi Isiyosikika

Machi 4

Kwa miaka arobaini na mmoja nimeficha jambo hili: Ukumbi wa Bunge niliousanifu mimi haubebi sauti za theluthi moja ya wajumbe wake, na nililijua hilo kabla haujafunguliwa.

Nimeliandika. Mkono haukukauka. Daktari alisema juzi moyo wangu umepanuka na kuchoka, nisijipangie mambo ya Desemba. Nikamuuliza, na ya Julai je? Akaanza kukusanya karatasi zake. Basi nina msimu mmoja wa mvua, na daftari hili la miraba ambalo zamani nilichorea ngazi na vyoo.

Machi 6

Nianze na msingi kabla ya ukuta.

Shirikisho letu liliundwa na watu wa aina tatu waliokuwa wametoka kuuana: watu wa mlima, watu wa ziwa na watu wa tambarare. Hakuna aliyekubali mji mkuu uwe kwa mwenzake. Ikaamuliwa ujengwe mji mpya pale mipaka mitatu inapokutana, na mimi nikapewa kazi ya kuuchora. Nilichora barabara kuu tatu, upana sawa hadi sentimita. Miti ya kila barabara ilihesabiwa. Hata mabomba ya maji machafu yalitoka pande tatu kwa urefu uleule, na waziri mmoja alikuja kuyapima kwa hatua zake, suruali imekunjwa hadi magotini. Ukumbi wa Bunge ukawa duara, ili asiwepo wa mbele wala wa nyuma.

Tulikuwa na kiapo. Kila aliyefanya kazi pale, kuanzia mpika chai hadi mimi, aliapa kwamba akiulizwa kwao ni wapi atajibu, "Mimi wa nyumba." Ndani ya uzio wa ujenzi hapakuwa na mlima wala ziwa. Mtu akijisahau, wenzake walimbebesha kokoto siku nzima. Tulicheka sana na kiapo kile. Tulikiamini pia.

Mimi nilizaliwa mlimani.

Machi 9

Mvua imeanza. Mkwe amesogeza kitanda changu mbali na dirisha. Sasa anasimama hapo yeye na kunisimulia wanaopita.

Machi 11

Kosa lenyewe. Kuba lilikuwa limekwisha kusimama kamati ilipotaka roshani, ili wananchi waje kuwatazama wajumbe wao. Nilikuwa na miezi mitano. Nikaitundika juu ya theluthi moja ya viti, nikasema inapendeza, na kweli inapendeza. Wiki tatu kabla ya ufunguzi nilimsimamisha fundi wa dari chini ya roshani hiyo nikamwambia asome gazeti kwa sauti. Mimi nilisimama penye kiti cha Spika. Niliona midomo yake ikienda. Nilichosikia kilikuwa kama mtu anayezungumza huku amejifunika blanketi. Na yeye aliacha kusoma akashika masikio, kwa sababu kuba lilikuwa likimrudishia maneno yake yakiwa yamechelewa. Tukajaribu theluthi mbili zilizobaki. Kila neno lilifika.

"Watu wakijaa itatulia," nilimwambia. "Nguo hunyonya mwangwi."

"Wewe ndiye mwenye shule," akajibu.

Kuibomoa roshani kungechukua miezi minne. Wageni walikwisha kualikwa. Nikanyamaza.

Machi 13

Mwanangu wa pekee ni mpima barabara. Anarudi mwisho wa mwezi na matope yake. Anayenitunza ni mkewe, naye ni mtu wa ziwa. Asubuhi anafundisha hesabu darasa la pili, mchana ananiosha, alasiri anasahihisha madaftari miguuni pa kitanda changu. Anazungumza chini mno. Tumekaa nyumba moja miaka kumi na mitano na bado huinama ili nimsikie. Wajukuu wakichangamka uani, anatoa kichwa: "Punguzeni sauti. Mnataka watu waseme nini?"

Jirani alimsifu mbele yangu leo. "Wewe shoga yangu huna yale mambo ya kwenu." Mkwe akashukuru.

Yale mambo ya kwao yanajulikana nchi nzima. Watu wa ziwa wana kelele. Katika vikaragosi vya magazeti huchorwa mdomo tu, bila macho. Hakuna aliyewasema hivyo kabla ya Bunge kuanza. Najua, nilikuwepo.

Machi 15

Simu kutoka kwa Katibu wa Bunge.

"Shikamoo Mzee wetu. Hawa wenzetu wa ziwa wameleta hoja. Wanataka kila mwaka tubadilishane viti, eti pale walipo hawasikiki."

"Eti?"

"Mzee, wale? Wale wasisikike?" Akacheka mpaka akakohoa. "Tunaomba mstari mmoja tu kutoka kwako. Ukisema wewe uliyeujenga, yamekwisha."

Nilimwambia nitafikiri. Alichukulia kwamba nimekubali, na hakukosea.

Machi 18

Barua imeletwa imekwisha kuchapwa. "Ninathibitisha kwamba Ukumbi ulisanifiwa ili kila mjumbe, popote aketipo, asikike kwa usawa." Hakuna neno la uongo humo. Ulisanifiwa ili. Haisemi kama ndivyo ilivyotokea.

Nilichukua kalamu nikiwa nimelala chali. Mkwe akaweka daftari la mwanafunzi chini ya karatasi, akanishikia kiwiko mpaka nikamaliza kutia sahihi. Kisha akalamba bahasha akaifunga yeye mwenyewe.

"Ni heshima kubwa, Baba," alisema. "Miaka yote hii, bado wanakuuliza."

Machi 19

Sikula.

Machi 30

Mwanangu amekuja na kuondoka. Mvua imebomoa daraja kazini kwake, hakukaa hata siku mbili.

Jioni akaja fundi wa dari. Ana miaka themanini na mbili na anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Yeye ni wa tambarare. Tangu ujenzi ananiita Bwana Mistari.

"Bwana Mistari bado uko hai?"

"Niko hai kwa kukukomoa."

"Haya. Nilikuja kuulizia lile koti lako la kijivu, lakini naona bado unalihitaji."

Mkwe alicheka akaenda kuchemsha chai. Alipotoka, fundi alisogeza kiti hadi magoti yake yakagusa kitanda.

"Nimesikia barua yako redioni."

"Sikuandika uongo."

"Hukuandika uongo." Alirudia polepole, kama anayeonja. "Nilisimama pale chini na gazeti. Ukaniambia watu wakijaa itatulia. Imetulia?"

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Unajua miaka yote hii nimekuwa najiambia nini? Bwana Mistari hajui. Ni msomi, ila masikio yake mabovu. Nikajiuliza, mimi mpaka lipu ni nani wa kumwambia? Nikaendelea na maisha yangu. Leo nimesikia barua yako, mwanamume, nikaona aibu mpaka nikamzimia redio mke wangu ambaye wala hakuwa anasikiliza."

Mkwe akaingia na chai. Fundi akabadilisha uso papo hapo. "Binti, huyu mkwe wako amekula chumvi nyingi sasa imempanda kichwani. Mpunguzie."

Aliponiaga hakunipa mkono.

Aprili 3

Mvua. Miguu imevimba.

Aprili 8

Bunge limeijadili hoja. Tulisikiliza pamoja, mkwe akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Mjumbe mmoja wa kwetu mlimani aliinua barua yangu, akaisoma, kisha akasema, "Mheshimiwa Spika, hawa tukiwahamishia upande wetu, sisi na masikio yetu tutahamia wapi?" Kicheko kilisikika vizuri sana. Kilitoka katika zile theluthi mbili. Mjumbe wa ziwa akasimama kujibu, ikaja sauti ya mtu anayepiga makelele ndani ya pipa. Spika akamwonya ashushe sauti. Hoja ikaanguka.

Mkwe alizima redio, akasahihisha madaftari mawili, kisha akaanza kuzungumza bila kuniangalia.

"Baba yangu hakuwahi kupaza sauti nyumbani. Hilo ndilo linalonishinda. Alikuwa mwalimu kama mimi. Darasa zima lilimsikia akinong'ona. Akachaguliwa, akaenda Bungeni, akaanza kurudi mtu mwingine. Koo limevimba, mishipa imemsimama. Mama anamuuliza, unagombana na nani huko? Anasema, wananiangalia kama nimesimama nyuma ya kioo."

Baba yake alitolewa mara tatu kwa kanuni ya kelele, kanuni iliyotungwa kwa ajili yao. Mara ya tatu askari wawili walimbeba, gazeti likampiga picha mdomo wazi. Siku hiyohiyo wajumbe wote wa ziwa wakatoka, hawakurudi mpaka ilipopita miaka sita ya moto, na hakuna nyumba isiyozika mtu.

"Mama aliikata ile picha," alisema. "Nilikuwa na miaka saba. Tukicheka kwa nguvu anatuonyesha. Mnaona kinachompata mpiga kelele? Baba yupo chumba cha pili, amekwishapoteza sauti kabisa, anasikia kila kitu. Alikufa hivyo." Akafunga kalamu. "Namwonea aibu, Baba. Halafu naona aibu kwa kumwonea aibu."

Nilimpapasa mkono. Ndilo jambo pekee nililofanya.

Aprili 19

Nimerudi leo. Siku tisa hospitalini. Mkwe alilala kwenye kiti siku zote tisa.

Aprili 24

Mhandisi amekuja, binti wa miaka kama thelathini hivi, viatu vya mpira, nywele zimelowa. Amepewa kazi ya kurekebisha kuba la Bunge linalovuja, na alitaka michoro yangu. Nilimuuliza kwao ni wapi, kwa mazoea mabaya ya uzee.

"Mimi wa nyumba," alisema akicheka. "Si ndivyo mlivyokuwa mkijibu? Tulifundishwa chuoni."

Alikunjua michoro, akaitazama, kisha akatoa karatasi nyingine mfukoni.

"Mzee, kwa ruhusa yako. Hili sikutumwa. Nilikwenda na kipimo cha sauti, kwa udadisi tu, baada ya ile hoja." Duara limegawanywa mara tatu. Vipande viwili amevipaka rangi nzito, cha tatu amekiacha karibu cheupe. "Chini ya roshani, kati ya maneno manne linafika moja. Na msemaji anajisikia mwenyewe amechelewa, kwa hiyo anaongeza nguvu. Akiongeza nguvu, mwangwi nao unaongezeka. Hata ningekuwa mimi ningepiga makelele."

"Vipaza sauti je?"

"Vinazidisha tu. Lakini Mzee usijali, nitaandika kwamba wakati ule hapakuwa na vifaa. Msingeweza kujua."

Alinifungulia mlango mpana kabisa. Nilikuwa nimeshainua mguu nitoke.

"Tulikuwa na gazeti," nilisema.

"Samahani?"

Nikamweleza, fundi akisoma, mimi penye kiti cha Spika. Aliacha kuandika.

"Mzee, na ile barua ya Machi?"

"Iandike na hiyo."

"Niandike ulijua?"

"Andika nilijua."

Aliandika. Alipokunja michoro alikuwa mwangalifu nayo kuliko alivyokuwa nami, na ni haki yake.

Mei 2

Ripoti itatoka wiki hii. Sikutaka mkwe aisikie redioni. Nilimwita baada ya chakula cha mchana, wajukuu wakiwa bado shuleni. Alikaa chini akiegemea kitanda, madaftari mapajani.

Nilimweleza kuba, roshani, gazeti, kisha barua aliyonishikia kiwiko nikiisaini. Nilitumia maneno mafupi kwa sababu pumzi haitoshi marefu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisimama, akaweka madaftari juu ya kiti kwa mpangilio, akatoka uani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Kutoka hapa nilimwona bega moja tu. Alisimama muda wa kutosha gauni kubadilika rangi.

Aliporudi maji yalikuwa yakimdondoka kidevuni.

"Kwa hiyo baba yangu hakuwa na wazimu."

"Hakuwa."

"Alikuwa anajaribu kusikika."

"Ndiyo."

Akalia. Sijawahi kumsikia akilia, na ni mwanamke aliyezika kaka wawili. Ilikuwa sauti kubwa, ya mtu mzima, na sikuinama kuisikia. Kisha akajifuta kwa upande wa ndani wa mkono.

"Kwa nini sisi? Kwa nini mkatuweka sisi pale?"

"Ilikuwa kura," nilisema. Nilisema haraka mno. "Karatasi tatu ndani ya kofia. Kila upande ulichukua yake."

Alifikiri sana. Ni mwalimu wa hesabu, anapenda jambo likae sawa kabla ya kulipigia alama.

"Basi ni kosa na woga," alisema. "Kosa nalijua, Baba, na woga naujua zaidi. Bora hakuna aliyetuchagulia. Kura ingewaangukia watu wa mlima, leo wenye mdomo mngekuwa ninyi." Akashika mguu wangu uliovimba kwa mikono yake yote miwili, iliyolowa na baridi. "Nimekusamehe."

Nikasema asante.

Mei 6

Ripoti imesomwa. Roshani itabomolewa, viti vitazungushwa. Katibu alipiga simu. Hakusema Mzee wetu.

Mei 9

Nyumba ina kelele. Wajukuu wanakimbizana barazani na hakuna anayewaambia wapunguze. Leo mkwe aliniita kutoka jikoni kuuliza kama nataka chai. Kutoka jikoni! Nilisikia kila silabi.

Kila mgeni anayeingia anamsimulia. "Ilikuwa kura jamani. Mzee wangu masikini, ameumia moyoni miaka yote hii kwa kosa la roshani." Picha ya baba yake ameitundika sebuleni.

Fundi amekuja pia, na leo alinipa mkono. "Bwana Mistari umejikomboa," alisema. "Koti sitaki tena."

Nilitamani alitake.

Mei 12

Amekuja mama yake mkwe wangu, mjane wa yule mwalimu. Amesafiri siku mbili katika mvua hii, na magoti yake ni mabovu kuliko yangu. Alikataa kiti, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimekuja kukushukuru," aliniambia.

"Usifanye hivyo, dada yangu."

"Niache. Niliwatisha watoto kwa picha ya mume wangu, naye anasikia. Nitakwenda nayo hiyo kaburini. Lakini wewe umenirudishia mtu wangu. Wangapi wangekufa kimya?" Alinishika kichwa kama mama. "Na usijitese. Hukututupia wewe jiwe lile. Kura ni ya Mungu."

Nikageukia ukutani nikajifanya nimechoka. Nilimsikia akimwambia binti yake mlangoni, "Mkwe wako ni mtu mwenye haya."

Mei 14

Mvua imepungua. Siwezi tena kukaa bila kuegemezwa.

Mei 16

Mwanangu, hii ni yako. Mumeo anafika kesho, nimemwagiza akupe daftari hili akiwa amekaa karibu nawe. Ningekwambia kwa mdomo, lakini nilijaribu jana na juzi, na kila nikifungua mdomo ulikuwa unaniwekea mto mgongoni.

Kura ilipigwa katika banda la ujenzi, siku tisa baada ya mimi na fundi kujaribu sauti. Karatasi tatu nilizikata mimi, nikaandika kwa mwandiko wangu: Kushoto, Kulia, Roshani. Mwenyekiti wa kamati alitoa kofia yake. Kanuni ilikuwa kwamba mjumbe achukue karatasi na kunipa ikiwa imekunjwa, mimi ndiye nisome, kwa kuwa mimi nilikuwa wa nyumba na sikuwa na kwetu. Walikubaliana hivyo wote watatu. Ndilo jambo la kwanza walilowahi kukubaliana bila kubishana, na mwenyekiti alitania kwamba tuliandike ukutani.

Wa tambarare akachukua. Nikafungua: Kushoto. Nikasoma Kushoto.

Wa pili alikuwa mzee wa mlima. Alisoma na baba yangu darasa moja. Nikafungua karatasi yake: Roshani. Nilimwona tena fundi akisogeza midomo chini ya blanketi, ila safari hii sura ilikuwa ya baba yangu. Sikupanga. Ningependa kuandika kwamba nilipambana na nafsi, lakini haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Nikasoma, "Kulia." Yule mzee akaitikia kwa kichwa, kwake ilikuwa sawa tu, hakujua kinachochaguliwa.

Aliyebaki alikuwa mwalimu kijana wa ziwa. Mwenyekiti alimwambia, "Yako si lazima isomwe, imebaki moja." Yule kijana akasema hapana, taratibu zikamilike, kisha akaninyooshea karatasi ikiwa imekunjwa vilevile. "Soma wewe, mtu wa nyumba. Watu wangu wasije wakasema nilijisomea." Wote wakacheka. Sauti yake ilikuwa ya chini na ilijaza banda lote.

Nilisoma, "Roshani." Akafurahi. Alisema ni vizuri, watakaa chini ya miguu ya wananchi. Akanipa mkono. Karatasi zote tatu nilizitia katika jiko la mpika chai wakati mvua inawakawiza kuondoka.

Juzi ulisema hakuna aliyewachagulia. Mama yako akasema kura ni ya Mungu. Nami nikaitikia, na nikala chakula chenu.

Karatasi aliyonipa baba yako iliandikwa Kulia. Viti vya chini ya roshani vilikuwa vyetu.